Talaka Iliyotundikwa kwenye Sigara

Mwanangu alianza kunukia udi siku za kazi, na mimi, mama mtu, nikafurahi. Hapo ndipo nilipokosea, lakini mama yeyote wa mjini siku zile angekosea kama mimi. Udi kwetu ni wa Ijumaa, wa harusi, wa mume na mke, wa mgeni wa heshima. Kijana wa miaka kumi na sita akifukiza kanzu yake Jumatatu asubuhi kabla hajatoka, huyo ana mtu. Nikajisemea, kashapenda. Nikaanza kuwapima mabinti wa mtaani kwa macho, huyu mrefu mno, huyu mama yake ana mdomo, huyu sawa. Chetezo changu cha kufukizia nikakiweka mahali pa wazi asihangaike kukitafuta, na udi ulipopungua sikuuliza.

Kumbe anaficha moshi kwa moshi.

Mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu, ambaye tulikuwa tukikaa naye, macho yake yalikuwa yameingia ukungu lakini pua ilikuwa nzima. Akinambia, "Huyu mwanao kila siku bwana harusi? Au kuna maiti anakwenda kumwosha?" Nami nikicheka. Nilikuwa nacheka sana siku hizo.

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza yupo na Sultani yupo. Sisi tulipanga ghorofa ya juu katika nyumba ya mawe, kichochoro chembamba hata ukitoa mkono dirishani unampa jirani wa ng'ambo chumvi, naye akikujibu huhitaji kupaza sauti. Hili la jirani nalisema kwa sababu lilikuja kunidhuru. Mume wangu alikuwa fundi wa kanzu. Cherehani chake kilikaa barazani chini, na mwanangu akikaa pembeni yake akitia darizi za shingoni na kifuani, kazi ya sindano ya mkono. Alikuwa na mkono mwepesi kijana yule. Mimi mwenyewe nimesoma chuoni tu, nikahitimu msahafu, basi. Herufi hizi ninazoandikia nilifunzwa ukubwani, kwa hiyo nikiruka hapa na pale nivumilieni.

Mume wangu lazima nimweleze, ama hamtafahamu kitu. Alikuwa mtu mwema mwenye ulimi mbaya. Akikasirika, anasema, kisha anakaa anajuta. Talaka mbili alikuwa ameshazitoa. Ya kwanza ilikuwa kwa ajili ya samaki, nguru, niliyemsahau jikoni akaungua siku ambayo alikuwa na wageni. Ya pili nilikwenda harusini Bububu, mvua ikanikamata, nikalala huko bila ya ruhusa yake. Zote mbili alinirejea eda haijesha, machozi yanamtoka, na mimi nikarudi kwa sababu nilikuwa nampenda. Haya mambo wanawake hatuandiki, lakini nimeshazeeka, nani atanifanya nini. Nilikuwa nampenda. Ila nilijua, na yeye alijua, kwamba imebaki moja, na hiyo moja ikitoka hakuna kurejeana tena mpaka niolewe na mwanamume mwengine, niishi naye, naye aniache. Tukawa tunaishi kama watu waliobeba yai.

Sasa sigara. Mwanangu alinieleza baadaye ilivyoanza. Vijana walikuwa wakikusanyika nje ya sinema, wanaziangalia picha zilizobandikwa ukutani, wanaume wa Kihindi na wa Kizungu wamebana sigara mdomoni, jicho moja limefinywa. Nao wakafinya. Palikuwa na duka la Mwarabu mmoja, Mshihiri, pale karibu, akiuza sigara moja moja, na mlangoni ametundika kamba ya makumbi ya nazi inafuka moto taratibu kutwa nzima. Ukishanunua unainama kwenye ile kamba, unawasha, unakwenda zako. Anasema mara ya kwanza alitapika. Mara ya pili kichwa kilimzunguka. Baada ya hapo, anasema, sigara ndiyo iliyokuwa ikimtafuta yeye.

Tukaingia Shaaban, mwezi wa harusi, watu wanakimbizana kuoana kabla ya mfungo. Baraza la mume wangu lilijaa kanzu. Moja ilikuwa ya bwana harusi, kitambaa chepesi cheupe, darizi yake kaifanya mwanangu kwa muda mrefu, nzuri hata mimi niliishika nikaisifu. Alipokuja ami wa bwana harusi kuichukua, akaikunjua mbele ya watu waliokaa barazani. Kifuani, chini ya darizi, pana kitundu kadiri ya punje ya choroko, kingo zake nyeusi.

Ami mtu akaileta kanzu puani. Akanusa. Akasema, "Fundi, hii kanzu yako inavuta sigara."

Baraza zima likacheka. Nimeyasikia hayo kwa waliokuwapo. Wanasema mume wangu naye alicheka kidogo, na hilo ndilo lililonitia hofu nilipohadithiwa, kwa sababu yeye akicheka kwa hasira, kinachofuata si kizuri.

Mimi nilisikia viatu vyake kwenye ngazi. Akaingia na kanzu mkononi. Mavyaa amekaa kwenye mkeka anatafuna tambuu yake, mimi nachambua mchele, jirani yule wa ng'ambo kaegemea dirisha lake. Mume wangu akamwita mwanangu kutoka chini.

"Naam, baba."

"Njoo hapa. Fungua mdomo."

Kijana akafungua. Baba yake akanusa, kisha akanusa vidole vyake, kisha akanusa kanzu aliyoivaa, na pale akasimama. Maana kanzu ilinukia udi. Akanigeukia mimi.

"Ndiyo maana! Wewe ndiye unayemfukiza!"

"Wallahi sijui kitu, bwana. N'kifikiri ana mchumba."

"Mchumba! Mwanao anakuwa mhuni chini ya pua yako, unanambia mchumba! Watu wamenicheka barazani kwangu!"

"Mpige," nikasema. "Mpige mwanao, ndiye aliyekosa."

Laiti angempiga. Akasema, na sauti ilikuwa imeshuka, hakupiga kelele tena, "Sikilizeni. Mama asikie, na yule dirishani asikie. Mtoto huyu akivuta sigara tena, leo, kesho, popote atakapokuwa, wewe umeachika."

Tambuu ya mavyaa ilisimama shavuni. Yule jirani akarudi ndani taratibu akafunga dirisha, na nikasikia komeo lake. Mwanangu alikuwa bado kafungua mdomo, hakuna aliyemwambia afunge.

Mavyaa ndiye aliyesema mwanzo. "Mwanangu, lipi hilo ulilolisema?"

Mume wangu akaangalia kanzu mkononi, kama yeye ndiyo kwanza anaiona.

Kulipokucha alikwenda kwa sheikh wetu wa mtaani. Alitoka na uso wa matumaini, akarudi na uso mwengine. Sheikh kamwambia neno limeshatoka, limetundikwa, wala mwenye kulitundika hana uwezo wa kulitundua. Mkanyeni kijana, kamwambia, na nyinyi nyote mwombeni Mungu. Basi. Mume wangu akanipa habari hiyo akiwa amekaa kitandani, mikono magotini. Nilitaka kumpiga kofi, na nilitaka kumpikia chai. Nikampikia chai.

Kuanzia siku ile nyumba yetu iligeuka. Mume wangu, aliyemnusa mtoto mpaka vidoleni, sasa akawa hataki kumfuma. Akiwa anapanda ngazi anakohoa kutoka chini kabisa, anakohoa mlangoni, anabisha hodi katika nyumba yake mwenyewe. Akipita kichochoroni akisikia vijana wanacheka pembeni, anageuza njia. Akimtuma mwanangu dukani hamuulizi mbona umechelewa. Alikuwa anaogopa kujua. Na mimi, niliyekuwa sijui kitu, nikawa ndiye askari. Namnusa anapolala, namnusa anapoamka. Nilipekua mifuko, nilitikisa viatu. Kijana akienda chooni nasimama mlangoni nasikiliza kama kuna kiberiti.

Siku moja akafungua mlango wa choo ghafla, tukagongana.

"Mama, hata humu?"

"Hata humu, mwanangu. Mimi n'na ndoa moja tu."

Akakaa pale pale kwenye ngazi. Siku hizo sindano ilimchoma vidole hata darizi zikawa na madoa ya damu, baba yake anayafua mwenyewe bila ya kusema. Akasema, "Kwa nini hakunipiga? Angenipiga ningelia, yakaisha. Kanivika wewe shingoni."

Nikamwambia, "Acha. Ukiacha yamekwisha."

"Nshaacha, mama. Naacha kila siku. Wewe hujui inavyokuwa. Acha tumbaku yako wewe, ndo unambie acha."

Nilitaka kumkaripia. Mimi nilikuwa mtafuna tambuu, na tambuu yangu bila ya kipande cha tumbaku haikuwa tambuu. Jani, popoo, chokaa, katu na tumbaku, tangu nilipoolewa. Lakini hilo kwetu halikuwa na jina la ulevi, lilikuwa uraibu wa watu wazima, mgeni akija unamtolea. Nikamwambia, "Basi nimeacha. Kuanzia sasa." Nikachukua tumbaku yangu nikampa mavyaa mbele yake.

Mavyaa akacheka mpaka akakohoa. "Hee! Makubwa! Tambuu ni heshima ya mwanamke, wewe unaifananisha na moshi wa wahuni? Lete, mimi sina mwana wa kunitilia sharti."

Nakwambieni kweli, sikulala usiku ule. Kichwa kiliniuma upande mmoja, mate yalinijaa, nikamchukia kila mtu mwenye kinywa. Mavyaa akitafuna nasikia sauti ya meno yake mpaka ndani ya mifupa yangu. Nilimtukana muuza maziwa. Nililia kwa sababu ya kitunguu kilichooza. Hapo ndipo nilipofahamu mwanangu alikuwa akibeba nini, na hofu yangu ikazidi, kwani kabla ya hapo nilidhani ni ukaidi tu, na ukaidi unaweza kuvunjwa.

Tukawa tunaulizana kwa macho. Ananiangalia, ananiuliza vipi, nami namjibu kwa kidole, bado nimo. Nami namuuliza. Bado nimo. Nikampa karafuu atafune, nami nikitafuna karafuu, ndimi zikafa ganzi, chakula hakina ladha. Mume wangu akila anauliza, "Mbona nyumba yote inanuka jino bovu?" Ikawa ndiyo mara ya kwanza tumecheka tangu siku ile, na hata hivyo tulicheka kidogo, tukanyamaza mapema.

Ramadhani ikaandama. Nikashukuru. Nikasema sasa tumepata kinga, mtu amefunga mdomo kutwa nzima, nani atavuta, na anayethubutu mchana watoto wanamwandama mtaani wanamwimbia kobe. Nikapunguza hata kumnusa. Na mwanangu akatulia kweli, mchana akitia darizi vizuri, maana kanzu za Idi zilikuwa nyingi hata baba mtu na mwana hawakupata muda wa kugombana. Nikaanza kuhesabu mwezi kana kwamba mwezi utamponya.

Lakini mwenye uraibu anajua, na mimi nilikuwa najua, ila sikutaka kujiambia: shida si mchana. Mchana umeshakata tamaa, mwili unajua haupati. Shida ni pale mzinga wa kufuturu unapolia. Mwenye tumbaku yake hafikirii tende wala uji, anafikiria ile. Kila magharibi nilikuwa naona kinywa changu kinaondoka peke yake kinaelekea kwenye kijaluba cha tambuu cha mavyaa. Basi na yeye ni hivyo hivyo. Wenzake wanafuturu kwa sigara. Sigara kwanza, tende baadaye.

Jioni moja, katika kumi la mwisho, baba yake alimtuma apeleke kanzu kwa mtu Mkunazini. Nikamwambia, "Rudi kabla ya mzinga." Akasema, "Naam." Nikatandika mkeka, nikapanga tende, nikamimina uji wa mtama. Mzinga ukalia. Mwanangu hayupo.

Mume wangu akala tende moja. Akasema, "Pengine wamemkaribisha." Hakuniangalia.

Nikavaa buibui. Akaniuliza wapi, nikamwambia kwa jirani, kuomba limau. Alijua si limau.

Sijui kama mmewahi kutembea mjini dakika zile, baada ya mzinga. Mji wote umeingia ndani. Vichochoro vitupu, kila mlango umeegeshwa, unasikia vijiko na vikohozi vya watu wanaokunywa vitu vya moto, huoni mtu. Nilikuwa nakimbia na nasikia viatu vyangu peke yangu. Nikapita Darajani, nikakata nyuma ya sinema, na kabla sijafika kwenye kona nikaisikia harufu. Kisha sauti za vijana, chini kwa chini, na kicheko.

Mmoja akasema, "Shika basi, mbona unaiangalia kama bibi harusi?"

Mwengine, "Mwache, mama yake atamchapa."

"Chukua, bwana, ishawaka, inakwisha bure."

Sikusikia sauti ya mwanangu. Pengine hayumo, nikasema. Hatua chache tu na ningeona. Nimevaa buibui, nimejifunika uso, hakuna ambaye angenijua, buibui moja kati ya mabuibui yote ya mji huu. Nikageuka nikauelekea ukuta. Nikaweka paji la uso kwenye chokaa, nikafumba macho. Nilijiambia, usichokiona hukijui. Nikafahamu pale pale kwamba mume wangu amekuwa akiishi hivi muda wote huu, na nikamwonea huruma.

Nikarudi nyumbani bila ya limau.

Mwanangu alikuja sala zimeshasaliwa. Akatoa salamu, akakaa ukingoni mwa mkeka. Baba yake akasema mbio mbio, "Umechelewa, walikushikilia? Mpe uji mtoto. Uji umepoa, mpashie." Hajawahi kuwa mpole namna ile.

Nilichukua bakuli nikasimama nalo. Nilifikiria usiku unaokuja. Kitanda chetu kilikuwa kimoja. Nitalala na mwanamume huyu na sijui kama ni mume wangu, na kesho hivyo, na keshokutwa, mpaka kufa, na katika mwezi mtukufu naanza. Ukutani nilifumba macho, sawa. Lakini pua sikuiziba.

"Mwanangu," nikasema.

"Usimuulize," akasema mume wangu.

"Mwanangu, niangalie."

"Nimekwambia usimuulize! Mtoto hajafuturu! Mama, mwambie asimuulize!"

Mavyaa alikuwa ameshika jani la tambuu mkononi, hajalipaka chokaa. Mume wangu alinyanyuka, akakaa, akanyanyuka tena. Mimi sikuuliza. Mungu ni shahidi, neno lilikuwa mdomoni halijatoka. Mwanangu mwenyewe ndiye aliyeangalia chini akasema, "Nimevuta, baba. Nilivuta mara moja nikaitupa. Nisamehe, mama. Nikinyamaza nakutieni katika haramu."

Mkono wangu ulipanda wenyewe. Kanga ilikuwa mabegani, nikaivuta nikafunika nywele. Hakuna aliyenambia nifanye. Mume wangu alikuwa ananiangalia, akaona mkono unapanda, akaona nywele zimepotea, akainamisha macho kama mtu aliyeingia nyumba ya watu kwa makosa. Sijapata kumwona mtu akizeeka kwa muda mdogo kama ule.

Kaka yangu akaja kunichukua usiku huo huo, kwake Kikwajuni. Nilikaa eda huko. Idi ilinikuta ndani. Watu walitoa shauri la kutafuta mwanamume wa kunioa jina tu aniache ili nirudi, nikakataa. Sikutaka ndoa yangu itundikwe tena, kwa kijana wala kwa mzee. Tumbaku sikuirudia, si kwa ushujaa, ila kwa kuwa nikiinusa nauona mkeka ule na uji uliopoa.

Mwanangu alinifuata baada ya Idi. Nitasema kweli, alivuta. Sasa hakikuwapo kilichobaki cha kuvunjika, na yeye alikuwa anaumwa moyo, akavuta zaidi kuliko mwanzo, uani kwa kaka yangu, waziwazi. Kaka yangu alitaka kumtoa. Nikamwambia mwache, kila alichoweza kutishiwa kwacho kimeshapotea. Nikawa nakaa naye uani. Anavuta, mimi natafuna karafuu. Simnusi, sipekui. Nikimuuliza, namuuliza kifua kinakwendaje, usiku umelala. Ilichukua muda mrefu, aliacha akarudi, aliacha akarudi, na akirudi alikuwa akinambia mwenyewe, na mimi nikisema haya, kesho tena. Aliacha kabisa alipokuwa mtu mzima, mwanamume mwenye watoto. Hakuna aliyemwapia.

Na baba yake, Ijumaa baada ya sala, alikuwa akitembea kutoka mjini mpaka Kikwajuni, akabisha hodi. Haingii. Sisi sasa ni ajinabi, si mume na mke tena, mimi nakaa ndani nyuma ya mlango, yeye barazani. Analeta mkate, au kitambaa. Tunaulizana hali kama watu wa mbali. Kisha namsikia anakuna ndevu, na najua kitakachofuata.

"Anavuta?"

"Anavuta. Amepunguza kidogo."

Mwanzo nilidhani atakasirika. Nikamsikia anavuta pumzi na kuishusha.

"Basi mwambie baba yake anamsalimu," akasema. "Mwambie aje barazani, darizi zinanishinda peke yangu. Akivuta, avute. Akae mbali na vitambaa tu."